Mzaha Wenye Msiba Ndani



Sisi mashabiki wa The Mothers of Invention huulizwa: bendi ya mizaha ina historia gani? Jibu langu ni hili. Agosti 1965, ghasia za Watts, mjini Los Angeles, ziliua watu 34. Frank Zappa alitunga wimbo, akasuta ubaguzi na televisheni zilizogeuza msiba kuwa tamasha. Mtayarishaji Tom Wilson, Mmarekani mweusi, aliusikia, akawapa mkataba. Mwaka 1966 ikatoka Freak Out!, santuri mbili katika jalada moja. Marekani ilifikia nafasi ya 130 tu. Mimi ningali naipenda. Mcheshi asiyejua msiba wa jirani hupiga kelele tu.