Kujipangia malengo baada ya kiharusi

Katika tiba ya viungo, kujipangia malengo ni mgonjwa kuchagua mambo machache anayotaka kuyaweza tena, kuyawekea muda, kisha kukagua mwenyewe amefika wapi. Mtaalamu hushauri, hachagui. Wengi huandika "kuweka malengo", na mimi siridhiki nako, kwa kuwa hakusemi ni nani anayeyaweka. Daktari huweka, mradi huweka, mgonjwa akabaki kitandani na malengo ya wenzake. Katika "kujipangia", -ji- inamrejea mwenyewe, na kauli ya kutendea inaonyesha kwamba mpango ni kwa ajili yake.

Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika sehemu ya ubongo, au mshipa unapopasuka ndani yake. Presha ya kupanda ndiyo chanzo kikubwa. Ubongo unaweza kujifunza upya, lakini hujifunza kile unachokirudia. Kwa hiyo "nataka kupona" ni dua, bado si lengo. "Baada ya wiki mbili ninywe chai kwa mkono wa kushoto bila kumwaga" ni lengo: hurudiwa kila asubuhi, na hata mjukuu ataona kama limetimia.

Uganda imelijaribu hili. Katika utafiti wa watafiti wa Uganda na Uswidi uliochapishwa mwaka 2018, wagonjwa walichagua shughuli tatu za maisha yao ya kila siku. Asubuhi simu iliwakumbusha kwa ujumbe mfupi, jioni wakajipa alama wenyewe, na jamaa zao walishirikishwa tangu mwanzo.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yanahitaji zaidi utaratibu wa aina hii. Safari ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mbarara ni ndefu. Hata anayeishi Ruti, pembezoni mwa mji wa Mbarara, hupata taabu kumpandisha mgonjwa aliyepooza kwenye bodaboda. Mtaalamu huonwa mara chache. Siku nyingine zote ni za nyumbani. Na malengo hayafanani: mkulima kutoka Kongo atataka kushika jembe, mzee wa Kisomali kusujudu, mama muuzaji kuhesabu chenji.

Wewe unayeuguza, muulize mgonjwa leo angependa kuanza na lengo lipi. Liandike kwa maneno yake mwenyewe, na dawa ya presha iandikwe kwenye karatasi hiyohiyo.