Mashine Isiyojua Kimombo na Watoto wa Eastlands

Wasomaji wangu, leo tuweke kando mambo ya seva na hifadhidata. Nataka tuzungumzie programu moja ambayo wengi wetu tuliosomea Kenya tunayo kichwani hadi leo, ingawa hatukuipakua popote: ile ya kutambua sentensi sahihi ya Kiingereza kati ya nne, A, B, C na D. Programu hii ina historia, na historia yenyewe inaeleza kwa nini mtu anaweza kupata alama nzuri za Kiingereza halafu barua ya kuomba kazi ikamtoa jasho.

Tuanze na mashine. Maswali ya kuchagua jibu tunayoyajua yalianzia Marekani. Kule Kansas, karibu na mwaka 1914, Frederick Kelly alitengeneza jaribio la kusoma ambalo kila swali lilikuwa na jibu moja tu sahihi. Alitaka kuokoa muda wa kusahihisha, na pia kuzuia hali ya mwalimu huyu kutoa alama hizi na yule zile kwa kazi ileile. Miaka ya 1930 mwalimu mwingine, Reynold Johnson wa Michigan, aligundua kwamba alama ya penseli hupitisha umeme, kwa hiyo mashine inaweza kujua mwanafunzi amepaka wapi. IBM walimwajiri, na mwaka 1938 mashine yao ya kusahihisha, IBM 805, ikaingia sokoni. Johnson huyohuyo ndiye baadaye aliyeongoza kikosi kilichotengeneza diski ngumu ya kwanza ya kompyuta, mwaka 1956. (Katika shule nyingi za Kenya neno "diski" lilikuwa na maana nyingine: kile kibao alichovishwa mtoto aliyenaswa akiongea lugha ya nyumbani. Hiyo nayo ilihifadhi data, lakini tuiache.)

Angalieni jambo moja hapo. Mashine haijui Kiingereza. Inajua kama kuna weusi kwenye kisanduku au hakuna. Ujuzi wote wa lugha uko kwa aliyetunga swali, na kazi ya mtoto ni kukisia mtungaji alikuwa na nini akilini.

Sasa tuje kwetu. Kabla ya uhuru hata mitihani ya msingi iligawanywa kwa rangi: Waafrika wao, Wahindi wao, Wazungu wao. Baada ya uhuru watoto wote waliwekwa kwenye mtihani mmoja, na katikati ya miaka ya 1960 ukaja ule wa CPE. Ulikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, Hisabati na ya maarifa ya jumla. Watahiniwa walikuwa wengi na nafasi za sekondari chache, kwa hiyo maswali yakawa ya kuchagua. Rahisi kusahihisha, haraka, hakuna upendeleo.

Lakini kulikuwa na bei. Kwa kuwa mtoto hakutakiwa kuandika hata sentensi moja yake mwenyewe, walimu wengi waliacha kufundisha kuandika. Ungekuwa wewe mwalimu ungefanyaje, na wazazi wanahesabu walioitwa sekondari? Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu ajira Kenya iliukosoa mtihani huo, na kwenye miaka ya 1970 maswali yalianza kubadilishwa ili yapime kufikiri badala ya kukariri. Baraza la Mitihani la Kenya likaanzishwa mwaka 1980. Mfumo wa 8-4-4 ulipokuja na KCPE mwaka 1985, utungaji wa Kiingereza na Insha ya Kiswahili viliingia kwenye mtihani. Ghafla shule zikakumbuka kwamba kalamu ina kazi nyingine zaidi ya kupiga mistari.

Hata hivyo uzito ulibaki kwenye kuchagua. Rika langu tulikuta maswali 50 ya A hadi D, na kando yake dakika 40 za kutunga. Mazoezi tuliyofanya yalifuata hesabu hiyohiyo.

Hapa ndipo Eastlands inapoingia. Watafiti wengi huuweka mwanzo wa Sheng kwenye mitaa hii: Kaloleni, Makongeni, Bahati, Pumwani, Mbotela na jirani zake, ambako familia za makabila mbalimbali zilibanana ukuta kwa ukuta. Watu husema Sheng imeharibu sarufi za watoto. Mimi nasema angalieni vizuri. Mtoto wa Bahati husema "alinishow". Hatasema kamwe "nialishow" wala "showalini". Mtu akikosea mpangilio huo, kikundi kizima kitacheka kabla hajamaliza, na hakuna aliyefundishwa darasani. Kwa hiyo uwezo wa kutambua sentensi sahihi upo, tena mkali. Kinachokosekana ni Kiingereza cha kutosha masikioni.

Mtoto aliyelelewa kwenye nyumba inayoongea Kiingereza huchagua jibu kwa sikio: hili linasikika vibaya, litoke. Mtoto wa Kaloleni hana sikio hilo, basi anatafuta njia nyingine. Tazameni swali hili, nimelitunga kwa mtindo wa yale ya kwetu:

A. No sooner had the bell rung when we ran out.
B. No sooner the bell had rung than we ran out.
C. No sooner had the bell rung than we ran out.
D. No sooner did the bell rung than we ran out.

Hakuna anayesema hivyo kwenye steji ya matatu. Tulilijua kwa sababu lilirudi kila wakati kwenye karatasi za miaka iliyopita. Ukiona "No sooner", tafuta "had" mara moja baada yake, kisha "than" mbele. Jibu C, songa mbele. Wanaoandika programu wameshatambua kitu hiki. Ni rejeksi, yaani kanuni ya kutafuta mpangilio fulani wa herufi:

^No sooner had .* than .*$

Inapita mtihani. Lakini ijaribuni nje ya mtihani. "No sooner did the bell ring than we ran out" ni sentensi safi kabisa, na rejeksi inaikataa. "No sooner had the bell ring than us ran out" ni takataka, na rejeksi inaipokea kwa mikono miwili. Mtoto amejifunza kufanya kazi ya mashine: kuona alama mahali pake bila kujua inasema nini.

Kwenye sayansi ya kompyuta kuna tofauti ya zamani kati ya kutambua sentensi na kuzalisha sentensi. Kwa kompyuta, sarufi moja kamili inaweza kutumika kwa yote mawili. Kwa binadamu aliyepewa orodha ya vidokezo badala ya sarufi, kutambua hakumpi kuzalisha. Huyo ndiye anayepata alama nzuri halafu akakwama mbele ya karatasi tupu. Si mjinga. Amefundishwa kile kilichopimwa.

KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. KPSEA, ulioanza 2022, nao ulikuja na maswali ya kuchagua, kwa hiyo hadithi haijaisha. Kama una mdogo wako anayejiandaa, usimnyang'anye karatasi za A hadi D, atazihitaji. Mwongezee mambo mawili tu. Akishachagua, akueleze kila moja ya zile tatu ina kosa gani. Kisha aandike E, sentensi yake mwenyewe ya aina hiyo, kuhusu kitu kilichotokea mtaani leo. Hiyo E hakuna mashine ya kuisahihisha kwa weusi wa penseli. Itabidi wewe uisome.