Kichwa cha Luzira na Waliokichimbua

Binamu yangu alikaa ndani miaka mitatu. Alirudi Jericho na ufundi wa useremala, na stori moja anayoirudia kila tukikaa nje jioni: alitengeneza vitanda, viti, hata kabati, vikauzwa. "Kuna mtu hapa Nairobi analalia kazi yangu," husema, "na hanijui."

Nilimkumbuka usiku mmoja nikisoma kwa simu kuhusu sanamu za udongo. (Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kusoma sikuacha.) Ukitafuta vyombo vyenye sura za watu na wanyama, utaletewa Meksiko kwanza: mbwa wanene wa Colima, waliozikwa na wafu. Sikujua jirani zetu Uganda wana kitu kama hicho.

Mwaka wa 1929, wafungwa walikuwa wakichimba katika kilima cha Luzira, Kampala, palipo na gereza. Wakakuta vigae vya vyungu, na katikati yake vipande vya sanamu ya mtu, pamoja na kichwa chake: macho, midomo, nywele, vyote vya udongo uliochomwa. Ni kitu adimu. Wafinyanzi wa kale wa Maziwa Makuu walituachia vyungu vingi, lakini sura za watu ni chache mno.

E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia ya Uganda, aliandika kuihusu mwaka wa 1933 pamoja na wataalamu wawili. Leo kichwa kiko British Museum, London. Mwaka wa 2008, Andrew Reid na Ceri Ashley walikihusisha na vyungu vya aina ya Entebbe, vya ufuo wa Ziwa Victoria. Kwa hesabu hiyo, kina takriban miaka elfu moja. Ufalme wa Buganda wenyewe haukuwa umesimama.

Jina la Wayland nimelisoma mara nyingi. Waliochimba, kila nilikosoma, ni "wafungwa" tu. Mfinyanzi karne kumi zimemfuta, sawa. Lakini hawa walikuwa hai juzi tu, na gerezani watu huhesabiwa kila siku.

Nilimwonyesha binamu picha. Akaitazama kitambo, akanirudishia simu.

"Hao wasee waliochimba," akauliza, "walipewa nini?"

Sikuwa na jibu.