Kiwewe cha vita: askari wa familia yako akirudi nyumbani, na kabla hajarudi tena mstari wa mbele

Kwa ufupi

- Kiwewe cha vita ni ugonjwa na unatibika. Si woga, si laana, wala si dharau kwa mke au wazazi.
- Dalili zikipita mwezi mmoja na kumharibia usingizi, kazi au maelewano nyumbani, anahitaji kuonwa na mtaalamu.
- Hamu ya kurudi vitani si ushahidi kwamba amepona.
- Akizungumzia kufa au kuua, usimwache peke yake. Tafuta msaada siku hiyo hiyo.

Makala hii ni kwa ajili yako mama, mke, dada au bibi unayeishi na askari aliyerudi kutoka vitani au kutoka misheni ya kulinda amani. Hapa Kisiwani, kama ilivyo kwingine wilayani Same, familia humwandaa kijana kwenda jeshini kwa maombi na sherehe. Akirudi salama tunamshukuru Mungu, tunachinja mbuzi, na tunadhani habari imekwisha. Lakini jeraha la akilini halionekani, na mara nyingi wewe uliye naye nyumbani ndiye unayeligundua kabla ya daktari.

Askari wetu wamepitia nini?

Tanzania imepigana vita na imelinda amani sehemu nyingi. Vita vya Kagera vilianza Oktoba 1978, na Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Vijana waliokwenda wakati ule leo ni wazee, na baadhi yenu ndio mnaowauguza.

Miaka ya karibuni askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania wamekwenda Darfur nchini Sudan, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Lebanoni na mashariki mwa Kongo. Neno "kulinda amani" linaweza kutudanganya tukadhani ni kazi ya lindo tu. Tarehe 13 Julai 2013, askari 7 wa Tanzania waliuawa Darfur katika shambulio la kuvizia. Mwaka huo huo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda brigedi maalumu ya kupambana na waasi Kongo, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Semuliki huko Kivu Kaskazini ilishambuliwa. Walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa, na makumi wengine walijeruhiwa. Kila aliyenusurika katika matukio hayo ana familia iliyompokea.

Kiwewe ni nini?

Fikiria mtu anayelinda shamba la mahindi dhidi ya tembo wanaotoka Mkomazi. Msimu mzima analala sikio moja likiwa wazi. Mahindi yakishavunwa, wengi hurudia usingizi wao wa kawaida baada ya siku chache. Mwenye kiwewe ni kama mlinzi ambaye shamba limekwisha kuvunwa lakini sikio lake halilali. Mwili wake bado unatoa tahadhari ya hatari ambayo haipo tena.

Si kila aliyeona vita hupata ugonjwa huu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 3.9 ya watu duniani wamewahi kuupata, na kwa waliokumbwa na vita au mapigano ni asilimia 15.3. Kwa hiyo wengi hupona wenyewe wakipata mapumziko na watu wa kuwashika mkono. Wanaobaki na dalili si dhaifu kuliko wenzao.

Dalili za kuangalia

1. Vita vinamrudia. Anaota ndoto za kutisha, anapiga kelele usingizini, au ghafla anajiona kama yuko kule kule.
2. Anakwepa. Hataki kusikia habari za Kongo redioni, hapokei simu za wenzake, haendi mnadani wala msibani.
3. Moyo umekufa ganzi. Hafurahii watoto, anasema hana thamani, anajilaumu kwa nini yeye alipona na mwenzake akafa.
4. Yuko macho muda wote. Fataki ya kufukuzia tembo, mlio wa bodaboda au jiwe juu ya bati linamrusha. Anakaa akitazama mlango. Anakasirika kwa jambo dogo.

Wengine huanza kunywa sana, iwe dengelua, bia au gongo, ili wapate usingizi. Pombe huleta usingizi mfupi, kisha ndoto zinazidi na hasira inazidi.

Dalili zinaweza pia kuchelewa miezi au miaka. Mzee aliyepigana Kagera anaweza kuanza kuota vita baada ya kustaafu, kufiwa na mke au kuugua. Usiseme mara moja kwamba "ni uzee tu" au kwamba amerogwa.

"Lakini yeye mwenyewe anataka kurudi"

Hili ndilo swali ninaloulizwa na akina mama: kama anaumwa kweli, mbona anaomba kurudi?

Jambo hili si geni. Filamu ya Kiingereza ya mwaka 1997 iitwayo Regeneration inaeleza habari za kweli za hospitali ya Craiglockhart, karibu na Edinburgh, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vita ambavyo vilipita hata huku kwetu Upare mwaka 1916. Maofisa waliovurugika akili walipelekwa pale, na daktari William Rivers aliwatibu kwa kuwasikiliza. Hakuwaita waoga. Lakini alikuwa na mzigo mzito: aliyepata nafuu angeweza kurudishwa vitani. Wawili kati ya wagonjwa wa pale mwaka 1917 walikuwa washairi, Siegfried Sassoon na Wilfred Owen. Sassoon alikuwa amepinga vita hadharani, lakini akakubali kurudi kwa sababu hakuweza kuvumilia kuwa salama huku askari wake wakifa. Alirudi akajeruhiwa kichwani Julai 1918, akapona. Owen naye alirudi, akauawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla ya vita kumalizika.

Askari wako pia anaweza kuwa na sababu kama hizo. Wenzake wako kule na anaona amewatupa. Huku nyumbani kila kitu kinamchosha, ila kule tahadhari yake ina kazi. Anajiona mwenye deni kwa waliokufa. Na kuna jambo ambalo hatupendi kulisema: posho ya misheni. Nyumba haijaezekwa, ada ya shule inadaiwa, na familia nzima inamtazama yeye.

Kwa hiyo usichukulie hamu yake kuwa cheti cha kupona. Na wewe usinyamazie unayoyaona kwa sababu ya posho. Askari asiyelala, anayeshtuka ovyo na mwenye bunduki mkononi yuko hatarini, na wanaolala jirani naye wako hatarini pia.

Ufanye nini nyumbani?

- Mwamshe kwa mbali. Akiwa kwenye ndoto mbaya usimshike wala kumtikisa, anaweza kukupiga bila kujua. Simama mlangoni, washa taa, ita jina lake, mwambie: "Uko nyumbani, uko Kisiwani."
- Sema ulichokiona bila kumhukumu. "Naona siku hizi hulali vizuri. Nipo, ukitaka kuzungumza." Usimlazimishe kusimulia vita, wala usiruhusu majirani wamhoji kwa udadisi.
- Mtangulizie habari za kelele. Kama usiku kutakuwa na fataki za tembo, harusi au mkesha wa mwaka mpya, mwambie mapema.
- Akishikwa na hofu, msaidie kurudi hapa alipo. Apumue polepole, akanyage chini, ataje vitu 5 anavyoviona.
- Mrudishie ratiba. Kulala na kuamka saa ile ile, kazi ya shamba asubuhi, kutembea, kula na wenzake.
- Waeleze watoto kwa maneno yao. "Baba anaumwa, si kosa lenu, na anatafutiwa matibabu." Wasitumwe kumwamsha.
- Maombi na wazee wa ukoo wana nafasi yao, wanamwondolea upweke. Ila visichukue nafasi ya matibabu, na asifungwe kamba wala kunyimwa chakula kwa sababu yoyote.

Matibabu yakoje?

Matibabu makuu ni mazungumzo na mtaalamu aliyefunzwa, kwa vikao kadhaa, ambapo mgonjwa hujifunza kulikabili kumbukumbu kidogo kidogo badala ya kulikimbia. Wengine huongezewa dawa za kutibu sonona, kama sertraline. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, na haziachwi ghafla bila ushauri wa daktari.

Usimnunulie diazepam dukani ili "apumzike". Humlaza usiku mmoja au miwili, lakini haitibu kiwewe, huleta uraibu, na ikichanganywa na pombe inaweza kuua.

Kabla hajaondoka tena

Akipata taarifa ya kuitwa, tafuteni saa moja ya utulivu, nyinyi wawili, mbali na watoto na wageni. Mwulize na mjibiane kwa ukweli:

- Unalala saa ngapi bila kunywa pombe?
- Ndoto zimepungua, ziko vile vile au zimezidi?
- Umewahi kujiona uko vitani ukiwa macho?
- Umempiga mtu, au umeogopa kwamba utampiga?
- Umewahi kutamani kwamba usirudi hai?

Kama majibu yanakutia hofu, mwombe akamwone daktari wa jeshi kabla ya kuondoka, akiwa na orodha ya dalili na dawa anazotumia. Asiache dawa kimya kimya ili apite vipimo. Mweleze kwamba kuamua kama anafaa kwenda ni kazi ya daktari, na kwamba kusema ukweli si kukataa amri. Kama anaona aibu, mwambie utamsindikiza hadi getini.

Kama hatimaye anakwenda, kubalianeni ni nani wa kumpigia akizidiwa, na ni dalili gani atakazomweleza daktari wa kikosi bila kusubiri.

Dalili za hatari: usisubiri kesho

- Anasema anataka kufa, anaaga watu, au anagawa vitu vyake.
- Anatishia kukuua wewe, watoto au mtu mwingine.
- Hatambui alipo kwa muda mrefu, au anasikia sauti zisizokuwepo.

Mwulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kumwuliza hakumtii wazo hilo, mara nyingi humpunguzia mzigo. Ondoa panga, kamba na dawa za kuulia wadudu wa mazao, uziweke kwa jirani unayemwamini. Akae na mtu mzima hadi afike hospitali.

Akianza kukupiga, ondoka na watoto kwanza. Ugonjwa wake unaeleza hasira, lakini haukulazimishi kuvumilia kipigo. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na kwa habari za mtoto aliye hatarini piga 116 bila malipo.

Waende wapi?

Anzieni kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, hata kwa kumwona muuguzi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kutoka hapo mnaweza kupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya Same, kisha Mawenzi au KCMC mjini Moshi. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ndiyo ya taifa kwa magonjwa ya akili. Askari aliye kazini ana haki ya huduma za afya za jeshi, na hospitali kuu ya jeshi ni Lugalo, Dar es Salaam.

Nenda na daftari. Andika tarehe, saa alizolala, kilichomshtua na alichokunywa. Wiki mbili za maandishi yako zitamsaidia daktari kuliko maelezo marefu ya siku moja.

Na wewe?

Kukesha na mtu wa namna hii kunachosha. Kama nawe hulali, unalia ovyo au unaogopa hatua zake mlangoni, sema unapofika kliniki, hata kama umempeleka mtoto kupima uzito. Tutakusikiliza wewe pia, na hayo unayotueleza hayatatoka nje ya chumba bila ruhusa yako, isipokuwa pale maisha ya mtu yako hatarini.