Wosia wa Jaji Gifford

Katika nchi ya Uskoti alikuwako jaji, jina lake Adam Gifford, aliyefariki mwaka 1887. Kwa wosia wake aliviachia vyuo vikuu vya Edinburgh, Glasgow, Aberdeen na St Andrews pauni 80,000, ili watu wote wapate kusikia habari za Mungu zikipimwa kwa akili. Aliagiza mwalimu asiulizwe dini yake, hata akiwa hana.

Mwaka 1937 wosia huo ulijaribiwa. Aberdeen ilimwalika Karl Barth, mwalimu wa dini kutoka Uswisi. Naye alisema waziwazi kwamba akili ya mwanadamu peke yake haiwezi kumfikia Mungu. Hakunyamazishwa, mwaka 1938 alirudi akamaliza mafundisho yake. Afunguaye mlango kwa wote hana budi kumpokea hata ampingaye.