Mkwaju, Tunu na Thamani ya Tamthilia ya Mapenzi

Wapo wasomi wanaoidharau tamthilia ya mapenzi kwa hoja kwamba ni burudani ya watu wasio na kazi. Historia yetu haiwaungi mkono.

Kabla redio haijaenea Usukumani, kuanzia Binza hadi kandokando ya Ziwa Victoria, burudani kuu baada ya mavuno ilikuwa mashindano ya ngoma kati ya Wagika na Wagalu. Mwamuzi alikuwa hadhira yenyewe: kundi lililovuta watu wengi zaidi ndilo lililoshinda. Kanuni hiyo ilipima mvuto. Je, mvuto pekee unatosha kuwa kipimo cha ubora?

Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Mhusika wake mashuhuri, Mkwaju, alikuwa dereva wa lori aliyekuwa na wapenzi njiani huku mkewe, Tunu, akibeba mzigo wa familia. Serikali ilitaka wananchi wazungumzie uzazi wa mpango na UKIMWI. Wasikilizaji walitaka kujua kama Tunu angeendelea kuvumilia. Hatimaye Tunu aliondoka akajitegemea, na Mkwaju akafa kwa UKIMWI.

Hadi mwaka 1995 mchezo huo haukurushwa na kituo cha Dodoma, hivyo watafiti waliweza kulinganisha eneo hilo na kwingineko. Waligundua kwamba mahali uliposikika, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka, na wanandoa walizidi kulijadili jambo hilo. Mabango na hotuba vilikuwepo pia, lakini bango haliwapi mume na mke mtu wa tatu wa kumsema. Mkwaju aliwapa. Kwa kumlaumu yeye, waliweza kuzungumza juu yao wenyewe bila kuvunjiana heshima.

Hapo ndipo ubora unapoachana na mvuto. Mvuto humfanya msikilizaji asubiri sehemu ijayo. Ubora humwachia swali baada ya redio kuzimwa. Katika tamthilia bora kila uamuzi una gharama yake, wala msamaha hauji kwa sababu tu muda wa kipindi umekwisha.

Filamu za video zilirithi hadhira hiyo. Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, alipofariki Aprili 2012, umati uliojitokeza kumzika ulidhihirisha nguvu ya sanaa hii. Mwaka huohuo mkoa wa Simiyu ulizaliwa kutokana na Shinyanga. Hata hivyo, mapenzi tunayoonyeshwa kwenye runinga bado ni zaidi ya majumba na magari ya Dar es Salaam. Binti ambaye mahari yake ni ng'ombe, au mke asiyejua fedha za pamba alizozipalilia zimekwenda wapi, haonekani mara nyingi.

Mtumishi wa umma anayepanga bajeti ya uhamasishaji, na mwanaharakati anayechapisha vipeperushi, wajiulize: nani leo anamwandikia mwanamke huyo Tunu wake?