Mzabibu Kando ya Njia ya Misafara

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi ya Ugogo, ikafika Unyanyembe, ulipo mji wa Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Ilikuwa njia ya pembe za ndovu na ya watumwa, na miembe iliyopandwa kandokando yake ingali inasimama kama shahidi. Wapagazi wa Kinyamwezi waliihofu sana Ugogo, kwa maana maji yalikuwa haba, na watemi walitoza hongo kabla ya kuruhusu wageni kuteka visimani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mizigo ilishuka mabegani mwa watu.

Nchi hiyo ya kiu ndiyo iliyokuja kuwa nchi ya divai. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wamisionari Wakatoliki kutoka Italia walipanda mizabibu katika misheni ya Bihawana, karibu na Dodoma. Ni haki Walutheri nao kuwakumbuka kwa shukrani. Ukame uliowatesa wasafiri uliufaa mmea huo, kwa kuwa mvua nyingi huleta magonjwa ya ukungu na kuozesha matunda. Tena, kwa kuwa Dodoma haina majira ya baridi kali ya kuulaza mzabibu, mkulima huuamsha kwa kuupogoa, naye aweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, yaani yapata Machi na tena Agosti au Septemba.

Aina iliyoenea zaidi ni Makutupora Nyekundu, yenye jina la kijiji kilichoko kaskazini mwa mji wa Dodoma, penye kituo cha utafiti wa zabibu. Kwa divai nyeupe hulimwa Chenin Blanc, na Syrah imeongezwa miongoni mwa zile nyekundu.

Hata hivyo safari haikuwa nyepesi. Zabibu ya divai haingoji ghalani. Isiponunuliwa kwa wakati huoza. Kiwanda cha umma cha DOWICO kilipoanguka, wakulima wengi walikosa mnunuzi, na mashamba mengi yakaachwa. Viwanda vya watu binafsi, kikiwamo CETAWICO cha Hombolo kilichoanza miaka ya 2000, vilifufua kilimo hicho, lakini swali la bei ya haki kwa mkulima mdogo lilibaki.

Jambo hili lawahusu washarika. Kikombe cha Meza ya Bwana hakijazwi pasipo mikono ya mtu aliyepogoa, akavuna na kubeba tenga. Kristo alipojiita mzabibu wa kweli, alichukua mfano katika kazi ya watu wa namna hiyo. Usharika unaotoa shukrani kwa miaka 100 hauwezi kushukuru kwa divai na kumsahau mkulima asiyelipwa stahili yake. Katika njia ile ile ambayo zamani mpagazi alibeba mzigo wa mwingine, Kanisa limeitwa kuhakikisha kwamba kila mtenda kazi anapata ujira wake.